Habari uliyosema "hainihusu" halafu ikakukuta mlangoni, tupeane uzoefu

Wakala wa Kona

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni wakala wa pesa hapa Mbagala. Kibandani nina redio ndogo inayoongea tangu asubuhi mpaka nafunga, kwa hiyo habari nazisikia zote. Roketi imepaa, bunge limepitisha, wanasayansi wamegundua. Naitikia "ee" huku nahesabu floti. Hainihusu.

Sasa Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa Siku ya Mama. Vijana wa mtaani wamejiandaa kurusha picha za mama zao kwenye stetasi, na mara intaneti ikaanza kusuasua, ikakata kabisa. Nikadhani bando limeisha, nikanunua jingine. Halikusaidia, nikanunua la mtandao mwingine. Hapo elfu tatu imeshakwenda. Dada wa saluni jirani kaizima simu na kuiwasha mara nne. Muuza chipsi akatangaza, "Wametuzimia tena," na sote tukamwamini bila kuuliza, maana uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa tukaishi kwa VPN, zile programu za kukwepa kufungiwa.

Jioni redio ikasema ni nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika huko karibu na pwani ya Afrika Kusini. Nikacheka kwa sauti. Waya? Baharini? Mimi umri wote huu nilijua intaneti inatoka angani, inashuka kwenye mnara, mnara unanigawia. Kijana mmoja wa chuo, mteja wangu, akanikalisha kwenye benchi. Akasema mnara ule ni bomba la mtaani tu, maji yenyewe yanatoka mbali. Yanapita kwenye waya ambao ukiushika ni kama mpira wa kumwagilia bustani, ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na kinachosafiri humo ni mwanga. Picha ya mama yako inakwenda kwa mwanga chini ya samaki!

Akaniambia Seacom ilianza kazi 2009 na EASSy ikafuata 2010, na kabla ya hapo tulitegemea setilaiti. Ndiyo maana kule kwenye intaneti kafe tulikuwa tunalipia nusu saa na ukurasa umefunguka robo. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo, wakuu. Nakumbuka kabisa siku redio ilipotangaza uzinduzi wa huo mkongo, yaani huo waya wa baharini, 2009. Nilibadilisha stesheni nikitafuta taarabu.

(Kwa wanaouliza: menyu ya nyota na reli kwangu iliendelea kukubali, kwa hiyo kutoa na kuweka nilifanya. Programu za kwenye simu ndizo zilizokuwa zinazunguka tu.)

Haya, leteni za kwenu. Habari ya sayansi, siasa, teknolojia, yoyote, uliyosema haikuhusu kisha ikaja ikapiga hodi. Iwe yako mwenyewe, za kusimuliwa hapana.

Mpita Njia

Naweka kiti hapa. Leo nimekuja na karanga.

Fundi Chogo

Mkuu, hapo kwenye kubadilisha stesheni umenishika pabaya. Ngoja nitubu.

Mimi ni fundi TV, Manzese, tangu enzi ya machogo, zile TV nene zenye kisogo nyuma. Mwaka 2012 mzima walitutangazia kwamba tarehe 31 Desemba mitambo ya analojia Dar es Salaam inazimwa, watu wanunue ving'amuzi. Kila taarifa ya habari. Mimi ndiye niliyepaswa kuelewa kabla ya mtaa mzima, kazi yangu si hiyo? Nikasema hawa ni wanasiasa, tarehe itasogezwa kama zinavyosogezwa zote. Wateja wakiniuliza, najibu kwa sauti ya utaalamu: "Hamna kitu, endeleeni kuangalia."

Usiku wa mwaka mpya nilikuwa barabarani na wenzangu, matairi yanaungua, fataki juu. Nyumbani sikuwasha TV. Tarehe mosi asubuhi nafika kibandani nakuta foleni. Watu wamebeba machogo begani, mwingine kaleta na mkokoteni. "Fundi, imekufa, chenga tupu."

Nikafungua ya kwanza. Nikapuliza vumbi, nikachomea upya mahali ambapo hapakuwa na tatizo, nikachukua elfu tano, nikamwambia akaiwashe nyumbani. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu. Ya nne nikasema hebu niijaribu hapa hapa kwa antena yangu: chenga. Nikawasha TV yangu mwenyewe: chenga. Ndipo damu ikanishuka miguuni. Kumbe ile tarehe haikusogezwa.

Baadaye nilijielimisha. Nafasi ya masafa iliyokuwa inabeba chaneli moja ya analojia, ukiiweka dijitali inabeba kadhaa. Chukulia hiace iliyokuwa inazunguka na abiria mmoja, sasa imejaza na kondakta ananing'inia. Masafa yanayobaki wanapewa watu wa simu. Nchi zilikubaliana Geneva mwaka 2006, ukomo Juni 2015, sisi Afrika Mashariki tukataka kuwahi. Wakenya wao walizima mwanzoni mwa 2015 na ikawa kesi na malumbano, vituo vikubwa vya TV vikapotea hewani siku kadhaa.

Ving'amuzi ndivyo vilivyoniokoa. Nilipanda mapaa ya Manzese yote kuelekeza antena. Ila mama mkwe alikataa katakata. Alisema yeye TV ameilipia mara moja, 1999, hawezi kuilipia kila mwezi kama chumba cha kupanga. Akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, akaweka maua ya plastiki juu. Mpaka leo ipo, na maua yapo.

Mpita Njia

Kwa hiyo wale watatu wa kwanza elfu tano zao zilirudi?

Fundi Chogo

Tuendelee na mada mkuu.

Mwana wa Ukambani

Hamjambo wakubwa. Salamu kutoka Makueni, Kenya.

Mimi habari za anga za juu nilikuwa nazipenda lakini kama mchezo. Aprili 2023 Kenya ilipopeleka setilaiti yake Taifa-1 kwa roketi ya SpaceX kutoka California, nilishangilia kwenye simu, nikarudi kufunga mbuzi. Mambo ya huko juu ni ya huko juu.

Tarehe 30 Desemba 2024 nilikuwa nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Alasiri tukasikia mshindo, tukadhani ni baruti ya wachonga mawe. Kumbe katika kijiji cha Mukuku, si mbali na kwetu, kulikuwa kumeanguka pete ya chuma. Pete, nasema, lakini ya upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500. Waliofika mapema walisema bado ilikuwa ya moto. Binamu yangu alisema ni bomu, mchungaji akasema ni ishara, mimi niliyesoma nikasema ni kipande cha ndege. Sote watatu tulikosa.

Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikuja kuichukua na kueleza kwamba ni pete ya kutenganisha vipande vya roketi. Kwa kawaida vitu hivyo hutakiwa kuungua vikirudi kwenye hewa ya dunia, au kuangukia baharini. Hiki hakikuungua na Mukuku hakuna bahari.

Susu yangu, nyanya yangu mzaa mama, alisikiliza maelezo yote kisha akauliza swali moja: "Mwenye nacho amekuja kukichukua?" Nikatafuta kwenye simu. Kumbe kuna mkataba wa kimataifa wa 1972: nchi iliyorusha chombo hulipa hasara kikiumiza mtu au mali hapa ardhini, hata kama haikukusudia wala haikuzembea. Nikamsomea. Akasema basi hiyo ni sheria ya ng'ombe. Ng'ombe wako akila mahindi ya mtu, unalipa, usituambie kamba ilikatikaje. Nimehudhuria mihadhara mingi lakini sijasikia mtu akieleza sheria ya anga kwa ufupi huo.

Mzee Skrepa

Kilo 500 za chuma! Na mkaiachia serikali?

Mwana wa Ukambani

Ilikuwa imezungushiwa utepe wa polisi, mzee. Ungekuja na mizani yako.

Mama Lishe Usangu

Nami niseme, ingawa yangu ni ya zamani kidogo.

Nipo Rujewa, Mbarali. Agosti 2016 redio ziliimba wiki nzima kwamba tarehe 1 Septemba jua litapatwa, na mahali pazuri pa kuliona, Tanzania nzima, ni hapa kwetu. Mimi nikasema jua si lipo kila siku? Nikaandaa kilo nne zile zile za mchele, maharage sufuria moja.

Jamani. Alfajiri mabasi. Wanafunzi, wazungu wenye darubini, wakubwa na magari yao, gesti zimejaa mpaka watu wanaomba kulala barazani. Saa nne asubuhi sufuria zangu nyeupe. Nikachemsha mihogo, ikaisha. Nikauza chai kavu. Nilimaliza hata mkaa. Mwenzangu aliyeisikiliza redio vizuri alikuwa amepika gunia, na mwaka ule aliezeka nyumba.

Lakini nisidanganye, nilifaidi kitu kingine. Jirani alikuja na picha yake ya eksirei ya mguu uliovunjika, anataka kuangalia jua kupitia hiyo. Mwalimu mmoja akamnyang'anya. Akasema ndani ya jicho hakuna maumivu, unaungua na husikii kitu, utajua kesho. Akatupa miwani maalumu, moja watu kumi, zamu kwa zamu kama kata ya maji.

Karibu saa sita mchana mwezi ukaingia katikati ya jua, ukaacha pete ya moto pembeni. Mwalimu alisema siku hiyo mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, ndiyo maana haukutosha kuliziba lote. Kwa hiyo giza tulilolisubiri halikuja, mwanga ulififia tu ukawa wa ajabu, kama wa jioni lakini kivuli kipo miguuni, na kabaridi. Wengine walilalamika. Mimi niliangalia chini ya mwembe wangu, pale jua linapopenya kwenye majani na kufanya vidoa. Vidoa vyote vilikuwa vimegeuka pete. Mamia ya pete ndogo ndogo juu ya meza yangu, juu ya masufuria matupu, kwenye kanga ya binti yangu. Dakika kama tatu hivi, kisha zikaanza kumong'onyoka. Hakuna aliyetuambia kuhusu hizo redioni.

Wakala wa Kona

Mama Lishe hii nimeisoma mara mbili. Kesho naangalia chini ya mkorosho hapa nje.

Mtoto wa Jembe

Yangu ni ya laini za simu. Mwaka 2019 walitangaza usajili wa laini kwa alama za vidole, mwisho 31 Desemba. Mimi mjini nilisajili kwa dakika tano nikasahau. Teknolojia nzuri, nikasema, itapunguza matapeli.

Mama yangu yupo Kondoa. Laini yake ndiyo ninayomtumia hela ya matumizi. Alikwenda, mashine ikamkataa. Akarudi kesho yake, ikamkataa. Tarehe ikasogezwa mpaka 20 Januari 2020, nikapata nafasi nikaenda mwenyewe. Nikamkuta amekaa kwenye foleni na kipande cha sabuni mkononi. Ameshaosha vidole, amepaka mafuta ya alizeti, amefuta kwa kanga, amesugua kwenye jiwe kwa ushauri wa sijui nani. Kijana wa mashine naye anatoka jasho, si kwamba alikuwa na ubaya. Kila kidole: jaribu tena, jaribu tena.

Nilimshika mama mkono nikageuza viganja. Sikuwa nimewahi kuvitazama. Vidole laini tupu, mistari imesagika. Amelima, amepukuchua mahindi, ametwanga, amesuka majamvi, miaka zaidi ya hamsini. Akaniambia, "Mashine hii inanikataa mimi au inalikataa jembe?" na akacheka, mimi sikuweza.

Kilichokubali mwishowe ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kile kisichofanya kazi nyingi.

Mpita Njia

Karanga zimenikwama.

Jicho la Elfu Saba

Niaje wazee. Nairobi hapa. Yangu ni fupi na ya aibu.

Julai 2023 nilisikia kuna watu wanapiga picha mboni ya jicho kwa kifaa kama mpira wa chuma, unapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi elfu saba za Kenya. Nikasema huo ni ujinga, mimi siuzi jicho. Kodi ya nyumba ikafika. Nikajikuta kwenye foleni pale ukumbi wa mikutano wa KICC na maelfu ya wenzangu, wengine na watoto mgongoni. Masharti sikusoma. Nani angesoma, jua lile?

Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha zoezi. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa za watu zifutwe. Nilisoma hiyo habari nikaenda mbele ya kioo nikajiangalia jicho. Lipo, linanitazama tu. Pesa ilikuwa imelipa nusu ya kodi na unga.

Bibi Karafuu

Assalaam aleikum wanangu. Mimi mtu wa Unguja, naishi Dubai kwa binti yangu mwaka wa saba huu.

Siku moja nilisoma kwamba huku ndege zinapanda angani kunyunyiza chumvi kwenye mawingu ili mvua ishuke. Nikamwambia binti, hawa watu wana pesa za kuchezea, mvua sisi Unguja tunapata ya bure masika mpaka tunaikimbia. Hainihusu mimi.

Tarehe 16 Aprili 2024 nimekaa zangu nachambua mchele, mbingu ikageuka rangi. Ya kijani, wallahi, sijapata kuona. Ikashuka mvua ambayo huku hawajaiona tangu waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1949. Upande wa Al Ain ilipita milimita 250 kwa muda usiotimia siku moja. Barabara zikawa bahari, magari ya fahari yanaelea kama vifuu. Wajukuu hawakwenda skuli, mkwe wangu alilala ofisini siku mbili. Oman wenzetu ndiyo walioumia zaidi, watu walifariki, na wengine watoto, Mungu awarehemu.

Mtaa mzima ukasema ni zile ndege, wamezidisha chumvi. Mimi pia nilisema, tena nilisema kwa simu mpaka Unguja wote wakajua. Halafu idara yao ya hali ya hewa ikaeleza kuwa wakati wa tufani ile hawakunyunyizia kitu. Na wataalamu wa nje wakasema mvua kubwa namna ile haiumbwi na chumvi ya ndege. Chumvi inafanya wingu lililopo litoe kidogo zaidi, basi. Nikalazimika kupiga simu tena Unguja kujikanusha. Hiyo ya pili hakuna aliyeisambaza.

Nilichojifunza kuhusu jangwa ni kwamba mitaro ya mvua ni michache. Nani achimbe mtaro pasipo na mvua?

Mama Bukari

Jambo yenu bote. Mimi niko Kolwezi, Kongo, mtasamehe Kiswahili chetu cha Katanga.

Mimi napika bukari, ugali wetu, na samaki pembeni ya njia, wateja wangu ni madereva wa malori yanayotelemka Kasumbalesa kuingia Zambia. Redio inasema magari ya umeme, magari ya umeme, Ulaya, China. Nikasema mimi gari la petroli lenyewe sina.

Februari 2025 serikali yetu ilifunga kutoa madini ya kobalti nje, miezi minne, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana duniani. Ile miezi ikaongezwa tena, mpaka Oktoba ndipo wakafungua kwa vipimo, kila kampuni na kiasi chake. Hapo ndipo mtoto wangu akanieleza: kobalti inaingia kwenye batri, zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu hapa, na yale magari ya redioni yanatembea na udongo wa Kolwezi tumboni. Malori ya shaba yaliendelea, lakini madereva wangu wa kobalti walipotea. Nikapunguza sufuria kutoka tatu mpaka mbili.

Siku moja mtoto alinionyesha gari lile kwenye simu, linachajiwa nyumbani kwa mtu kama simu. Nikataka kulitazama vizuri, umeme ukakatika, na simu yake ilikuwa na asilimia mbili.

Wakala wa Kona

Dah. Mama Bukari karibu sana, Kiswahili chako tumekielewa kuliko cha bungeni.

Na mimi niongeze kidogo kabla sijafunga kibanda. Tangu juzi redio nimeiongeza sauti. Leo wamesema jambo la benki kuu na sarafu za kidijitali, nikamwita yule kijana wa chuo aje anieleze. Kasema atakuja, ila nimlipie bando.

Kijana wa Midizini

Habari wakuu, mimi ni msomaji tu, sijawahi kuandika humu. Swali kwa Fundi Chogo. Kibanda chako Januari 2013 kilikuwa upande gani wa Manzese? Kwa sababu mama yangu alipeleka TV siku hiyo ya mwaka mpya, akarudi nayo kwenye mkokoteni, na mpaka leo anasema ilitengenezwa vizuri ila mwenye nyumba ndiye alikata mawimbi.

Mpita Njia

Nimeenda kununua karanga nyingine. Asiondoke mtu.

Fundi Chogo

Kijana, msalimie mama. Mwambie aje na mkokoteni ule ule, king'amuzi nitamfungia bure. Mtu wa pili na wa tatu wakijitokeza tutaongea pembeni.